Unga Ulikuja Peke Yake

Majina ya watu wote nitakaowataja hapa ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya baadhi ya ng'ombe wao. Sitayaandika. Waliokufa hawajaniruhusu, na walio hai watasema bibi kazeeka sasa anatangaza watu. Lakini ieleweke kwamba sijayasahau, maana majina ndiyo yaliyokuwa kazi yangu.

Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa huku upande wa Kharumwa, na hapa ndipo nilipozeekea. Kijijini kwetu tuna ifogong'ho, yaani chama cha kuzikana. Nilikikuta. Msiba ukitokea kila kaya inaleta unga, kuni na ndoo ya maji. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanapika, na tunalala palepale kwa mfiwa mpaka tuanue matanga. Ila kuleta unga peke yake hakutoshi. Lazima uje mwenyewe. Asiyekuja bila sababu anatozwa mbuzi, na mbuzi huyo wanamla waliokuja, yeye anaangalia. Akirudia anatengwa, hata kijinga cha moto hapati kwa jirani.

Mambo haya hatukuyaandika popote. Kabla ya maiti kutoka nilikuwa nasimama uani na kuita majina kwa kufuata njia. Naanzia kaya iliyo karibu na kisima, napita kwa fundi baiskeli, navuka kijito, napanda mpaka kwa katekista, nateremka upande wa pili mpaka kwangu, kisha kwa jirani yangu, kisha kwenye duka la njia panda, naendelea hivyo mpaka kaya ya mwisho. Ukiitwa unaitikia, "Nipo." Ukikosekana, kile kimya kila mtu anakisikia. Walinipa kazi hiyo nikiwa bado na nguvu, kwa sababu waligundua sikosei.

Huyo jirani yangu ndiye ninayetaka kusema habari zake.

Hakuzaa. Mumewe alikuwa mchimbaji, na siku moja duara, lile shimo la kutafutia dhahabu, lilimfukia yeye na wenzake, wakashindwa kuwatoa. Wenyeji walitupia udongo juu, padre akaomba pale pale juu ya shimo, basi. Jirani yangu alibaki anaponda mawe ya wachimbaji kwa nyundo mpaka mikono ikamkatalia, ndipo akarudi kulima viazi. Alipoingia kwenye chama alisema wazi mbele ya watu wote kwamba yeye hana mtoto, na mumewe hakuzikwa na mtu, kwa hiyo chama ndicho watoto wake. Tukampa kutunza masufuria makubwa ya chama. Alikuwa anayasugua kwa mchanga mpaka unajiona uso. Katika miaka yote niliyoita majina, jina lake halikuwahi kukosa mwitikio. Hata mwaka aliovunjika mguu, alikuja juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akakaa jikoni anatoa amri kwa wenzake, akiwakebehi kwamba ugali wao unafaa kuziba nyufa za ghala.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Ni binti wa mwanangu wa kwanza, yule aliyekuwa dereva kule mgodini Buzwagi, na mshahara wake wa udereva ndio uliomsomesha huyu mtoto hesabu mpaka Chuo Kikuu. Yupo Dar es Salaam, kwenye kampuni ya bima. Kazi yake inaitwa takwimu bima. Mwanzoni niliposikia kwamba anakadiria vifo nilimwambia asiitaje mbele za watu. Huku kwetu mwanamke akijua habari za vifo kabla havijatokea si jambo la mchezo.

Jirani yangu alimwuliza waziwazi. Tulikuwa tunakata viazi vya michembe, vile vya kuanika, sisi watatu.

"Kumbe wewe mke mwenzangu ni nfumu," alimwambia. Nfumu kwetu ni mpiga ramli. "Unapiga ramli ya kompyuta. Haya niambie, mimi nakufa lini?"

Mjukuu akacheka. "Nfumu anakuambia nani, bibi. Mimi siwezi kukuambia nani. Mimi nakuambia wangapi tu."

"Basi huna maana," jirani akasema. "Wangapi hata mimi najua. Wote."

Tulicheka mpaka kisu kikaniponyoka. Baada ya hapo walikuwa marafiki. Mjukuu kila alipokuja likizo alianzia kwa jirani, ndipo aje kwangu, na mimi nilikuwa najifanya nina wivu.

Ule ugonjwa wa dunia nzima ulipokuja, ofisi yao iliwaambia wafanyie kazi nyumbani, naye akaja kwangu. Alikuwa anapanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi kutafuta mtandao, anakaa pale na kompyuta mapajani, anabishana na wenzake kwa simu. Nilimsikia siku nzima. Kuna waliotaka kujua akiba itatosha kama watu wakifa zaidi ya walivyokadiria. Kuna waliosema tusitishike, wanaokufa wengi ni wazee na wazee wengi hawana bima. Hilo la pili lilimuudhi, akashuka kichuguuni, akaja kuniangalia nachambua mboga, akarudi juu.

Huku kijijini hakuna aliyepimwa. Tulisema fulani ana kifua, fulani anashindwa kupumua. Lakini misiba ilianza kufuatana. Tulikuwa hatujaanua matanga huku, tunaitwa kule. Masufuria ya jirani yangu hayakupata muda wa kukauka. Unga nao ulianza kupungua ghalani kwa watu, na mvua za mwaka ule hazikuwa nzuri.

Mjukuu alikuja kwenye msiba mmoja, wa mzee mhunzi. Alikaa mbali, karibu na zizi, na barakoa yake. Nilipoita majina, mwanamke mmoja wa ng'ambo ya kijito aliitikia kwa sauti iliyokwaruza, kisha akakohoa mpaka akainama. Alikuwa amejifunga kanga mbili na bado anatetemeka. Mtu akamwuliza kwa nini hakubaki kitandani. Akasema hana mbuzi wa kutoa. Watu wakacheka kidogo, wakampa kigoda karibu na moto, katikati ya wapishi.

Tuliporudi nyumbani mjukuu hakula. Aliniuliza babu yake alikuwa na ng'ombe wengi kiasi gani. Nikamwambia wengi. Akauliza kama wote walikuwa wanalala kwenye zizi hili hili. Nikamwambia hapana, wengine babu yako aliwapeleka kwa rafiki yake kule Ushetu, wengine kwa shemeji zake, wakae nao, wanywe maziwa, wamtunzie, ili ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe, ikiingia hapa isimwache mikono mitupu. Kila mtu mwenye akili alifanya hivyo.

"Na kazi yetu ndiyo hiyo, bibi," akasema. "Vifo vya kawaida havijuani. Huyu anakufa kwa uzee, yule kwa duara, mwingine kwa uzazi, kila kimoja kina njia yake. Ndiyo maana tunaweza kukadiria. Ugonjwa huu unavijulisha vifo. Vinaitana. Na ninyi mnachukua kijiji kizima, wazima na wagonjwa, mnakifungia zizi moja, na asiyeingia mnamtoza mbuzi."

 Nilikumbuka ile sauti iliyokwaruza ikiniitikia "Nipo". Mimi ndiye niliyekuwa mlango wa lile zizi. Yule mwanamke wa kanga mbili alikufa, na baada yake mmoja wa wapishi waliomkalisha karibu na moto.

Mwenyekiti wa chama akaitisha mkutano uwanja wa shule, watu wakae mbalimbali. Mjukuu aliombwa aseme. Kabla hajasema, mwenye duka la njia panda alisimama akatoa wazo lake, kwamba wanaokufa kwa kifua chama kisiwahesabu, maana ugonjwa huu haukuwepo babu zetu walipoweka sheria, na tukiwahesabu wote tutabaki na njaa. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Jirani yangu akamwuliza kama yeye mwenye duka ana mkataba na Mungu kwamba atakufa kwa kitu kingine. Watu wakacheka, mwenye duka akakaa.

Mjukuu alisema huko kazini kwao pia wapo waliotaka hivyo hivyo, kuchomoa ugonjwa huu kwenye ahadi, na yeye alikataa. Mtu aliyechangia miaka yote hachomolewi siku anapohitaji. Akasema kila atakayekufa ahesabiwe, unga wake na kuni zake zifike. Tukipungukiwa, tupatane na chama cha kijiji cha pili kituongezee, nasi tuwaongezee wao wakizidiwa. Lakini kwenda msibani kusiwe lazima tena. Waende wachimba kaburi wachache na ndugu wa marehemu. Mbuzi wa faini aondolewe. Unga upelekwe tu.

Ulikuwa ushauri mzuri. Nausema hivyo hata leo. Niliwaona watu wakishusha pumzi.

Jirani yangu alisimama polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Mke mwenzangu umesema vizuri," akasema. "Ila sikiliza. Mwenye watoto akiletewa unga, watoto watapika. Mimi nikiletewa unga, nani atasonga?"

 Mjukuu alisema ni kwa muda tu.

"Muda gani?"

"Mpaka ugonjwa upungue, bibi."

"Na nani atakayetuambia umepungua?"

 Mwenyekiti akasema tupige kura kwa kunyoosha mikono. Mikono ilikuwa mingi. Wangu ulikuwemo, na wa jirani yangu ulikuwemo pia. Nilimwuliza njiani mbona naye amenyoosha. Akasema asingeweza kuwaomba watu wafe kwa ajili ya mazishi yake, sasa anaomba kitu kimoja tu, asife mapema.

Hakuacha kwenda lakini. Msiba ukitokea alikuwa anakwenda mpaka karibu na nyumba, anasimama barabarani, analia kwa sauti kilio chake chote, kisha anarudi. Watoto walimwona kituko. Mimi nilimwona anaendelea kulipia kwa namna aliyoachiwa. Misiba kweli ikaanza kuachana, ikawa mmoja, halafu kimya kirefu, halafu mwingine. Mjukuu akarudi Dar es Salaam.

Jirani yangu alikufa msimu wa kuanika michembe. Nilimkuta amelala kando ya kichanja, mkono umeshika kikapu. Hakuwa na kikohozi, hakuwa na homa. Jana yake tulikuwa tumetaniana kwamba michembe yangu ni myeusi kama ya mtu aliyeachika.

Nilimpigia mjukuu simu. Nilimwambia hakukohoa, mwanangu, hakukohoa hata kidogo, kwa hiyo je, naweza kuwaita watu? Alilia kwanza. Aliponyamaza alisema, "Bibi, si yeye wa kuogopwa. Ni hao watakaokuja, na sijui wana nini vifuani mwao. Siwezi kukuambia ni salama. Ningeweza ningekuambia."

Alisema kweli, na kwa kuwa alisema kweli sikuwaita.

Unga ulikuja. Jamani, ulikuja. Pikipiki moja baada ya nyingine, kijana anashusha mfuko mlangoni, anasema huu wa fulani, pole mayu, yaani pole mama, anageuza. Hakuna kaya iliyokosa. Mifuko iliegemezwa ukutani mpaka ikafika dirishani. Kuni zilirundikwa uani kama za harusi. Masufuria makubwa ya chama yalikuwa pale pale ndani mwake, yamefunikwa, yanang'aa. Nilichukua lile dogo la mwisho nikawasongea ugali wachimba kaburi, na mlenda, wakala wamesimama. Katekista aliomba. Kilio kilikuwa changu mimi, na sauti yangu si ya kulia watu, ni ya kuita majina.

Jeneza lilipokuwa tayari, mzee anayetunza majembe na sululu za chama alinigeukia.

"Mayu, huiti?"

"Nimwite nani?" nikamwambia. "Hakuna faini."

Akainamisha kichwa, wakambeba.

Ule unga haukuliwa. Sheria yetu ni kwamba unga wa msiba haurudi nyumbani kwa mtu, na hapakuwa na mfiwa wa kuula. Ulikaa mpaka ukaingia wadudu, tukawamwagia kuku wa katekista. Masufuria nikayahamishia kwangu.

Sijui ni lini ugonjwa ulipungua. Barakoa ziliisha zenyewe, shule zikajaa, minada ya ng'ombe ikafurika watu kama zamani, disko la machimboni halikulala. Kanisani tulirudi kubanana kwenye mabenchi. Lakini msiba ukitokea, unga ulikuja kwa pikipiki. Nilipouliza kwenye mkutano kama sasa turudishe sheria ya kuja, mwenye duka alisema hana ubaya na mila, ila unga unafika, mtu anazikwa, tatizo liko wapi? Mke wa mchimbaji mmoja akasema mumewe akikosa siku tatu kwenye duara anapoteza nafasi. Kijana mmoja akasema tunaweza hata kutuma hela kwa simu, unga ni mzigo. Wote walisema kwa adabu. Mwenyekiti alisema tutalizungumza siku nyingine. Niliangalia upande aliokuwa anakaa jirani yangu, maana angekuwepo angewapata kwa neno moja. Mimi neno hilo sikuwa nalo.

Krismasi mjukuu alikuja. Tulikwenda kupalilia majani kwenye kaburi. Akiwa ameinama aliniambia kwamba huko kwao sasa wana ubishi mwingine. Wanatengeneza hesabu mpya za kukadiria vifo vya miaka ijayo, na hawakubaliani wafanye nini na ile miaka ya ugonjwa. Wengine wanasema iwekwe pembeni, si miaka ya kawaida, ukiichanganya na mingine itapotosha hesabu.

"Na waliokufa miaka hiyo?" nikamwuliza.

"Walilipwa, bibi. Wapo kwenye kumbukumbu. Ila hawaingii kwenye kukadiria kesho."

"Na wewe unasemaje?"

Aling'oa jani, akalitikisa udongo. "Mimi nilisema iwekwe pembeni," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa. Nilisema hivyo, halafu nikatoka nje nikamkumbuka bibi huyu."

Sikumlaumu, kazi yake naielewa kidogo. Nilimwambia tu kwamba sisi huku tumefanya kinyume. Watu tumewaweka pembeni, mwaka ule tumebaki nao na sheria yake. Alikaa chini kabisa kwenye nyasi. Akasema siku ile ya mkutano alifikiria kila kitu, unga utoshe vipi, kijiji cha pili kisaidie vipi, ila hakufikiria sheria ile ya muda iishe vipi, na jirani alimwuliza swali hilo hilo mbele ya watu. Kazini hawaandiki kitu cha muda bila tarehe ya kukiangalia upya. Hapa aliona ni nyumbani, watu watajua wenyewe.

Nikamwambia, "Ungetaja tarehe tungeipita, mke mwenzangu. Tuliona raha."

Na ndivyo ilivyo. Hakuna aliyetulazimisha. Tulionja kukaa nyumbani, tukakuta ni kutamu, na aliyepaswa kutuambia kwamba utamu huo una mwenye kuulipia ndiye tuliyekuwa tumemzika bila watu.

Juzi juzi alikufa katekista. Walikuja wanawe na jamaa wa kanisani, na majirani wachache waliokuwa karibu. Masufuria mawili yalitosha. Maiti ilipokuwa tayari nilisimama uani bila kuombwa, nikaanza kisimani. Watu waligeuka. Mwanawe mmoja, wa mjini, aliuliza wenzake bibi anafanya nini. Kwa fundi baiskeli aliitikia mkwe wake, kwa sauti ya kuona haya. Ng'ambo ya kijito, kimya. Nilipanda, nikateremka, nikafika kwangu, nikaita jina langu, nikaitikia mwenyewe, na watoto wakacheka.

Baada yangu ni jirani. Nyumba yake imeanguka upande mmoja, sasa pamepandwa mihogo. Aliyekufa haitwi, namruka, ndiyo sheria, nimeruka wengi maishani. Lakini nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Endelea, mayu," yule mzee anayetunza majembe ya chama akasema.

Nikaendelea. Nikaliita jina la mwenye duka la njia panda. Mfuko wake wa unga ulikuwa pale ukutani, mkubwa kuliko yote. Nikaliita tena.